Muhuri wa serikali ya mtaa siku hizi ni shilingi ngapi?

KijiweChaJuu: Wakuu, heshima kwenu. Niko Mwanza. Nimepata tajiri wa kunipa bodaboda ya mkataba, ila anataka barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, yenye picha, muhuri ukatishe kwenye picha. Jumamosi asubuhi iwe mkononi mwake, la sivyo anampa mwingine.

Leo nimefika ofisini, mtendaji hayupo, eti yuko kwenye kikao cha kata. Mwenyekiti yupo. Fomu yenyewe imetolewa kopi ya kopi mpaka mistari imefifia. Kajaza jina langu, namba ya NIDA kaikosea, kapaka wino mweupe, kapuliza ukauke. Akaushika muhuri, akauangalia, hakuugonga. "Kuna elfu kumi ya ofisi."

Nikaomba risiti. Anasema za kwake mtendaji. Nikasema basi nitamsubiri mtendaji. Akacheka, "Ukimsubiri utalipa mara mbili."

Huyuhuyu Novemba 2024, kampeni za uchaguzi wa mitaa, alikuja kijiweni kutunywesha chai na chapati, anatuita wanangu. Hiyo hela ipo kisheria au napigwa?

Mama Furu: Unapigwa, mdogo wangu. Kama halmashauri yenu ina sheria ndogo ya kutoza, lazima utoke na kontroo namba au risiti ya mashine. Mwambie akupe namba ulipe kwa simu. Mimi nilipomwambia hivyo wa kwetu alinigongea bila neno, ila kwa hasira hadi kikombe cha chai kikaruka mezani.

Mjumbe Mstahimilivu: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, siyo huko kwenu. Mnatusema sana. Mtendaji ni mwajiriwa, ana mshahara wake. Mimi sina, nangoja posho, na posho yenyewe ni majaliwa. Mtu kampiga mkewe saa nane usiku, naamshwa mimi. Kibaka kakamatwa, nakimbia mimi wasije wakamchoma moto. Rimu ya karatasi natoa mfukoni. Elfu kumi ni uonevu, hilo nakubali. Mimi nachukua elfu mbili, na mwenye shida simtozi.

Sato wa Kukaanga: Asante mheshimiwa kwa kukiri hadharani. Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, kupiga ni bure.

Mjumbe Mstahimilivu: Piga. Ila ukija kutaka barua ya kumtoa shemeji yako polisi, uje saa za kazi.

Mama Furu: Mwenyekiti, posho kadai halmashauri. Huyu kijana hata pikipiki hajaipanda, unamkata ya nini? Na hayo mapato ya mihuri, mkutano wa mtaa umewahi kusomewa?

KijiweChaJuu: Mrejesho, wakuu. Nimerudi jioni, mtendaji nimemkuta. Nilipotaja kontroo namba akasema mtandao haupo tangu juzi, nije Jumatatu. Nikatoka nje, mwenyekiti kanifuata hadi kwenye mwembe, safari hii nimekuwa mwanangu tena. Tumekubaliana elfu tano leo, tano nyingine nikishaanza kupeleka hesabu kwa tajiri. Barua ninayo. Ameandika na namba yangu ya simu kwenye daftari lake, kabisa, na tarehe.

Sato wa Kukaanga: Kwa hiyo una mikataba miwili, na pikipiki moja.

KijiweChaJuu: Pikipiki bado sijakabidhiwa, mkuu.