Kuondoa bakiraundi: raba, kalamu au maski ya leya?

FundiKava
Wakuu, habari za kazi. Nina picha ya mama amesimama mbele ya ukuta mweupe, nywele zimetimka pembeni. Nataka ukuta uondoke, abaki yeye juu ya kijani kilichokolea. Nimezoea raba. Jana nilikata sikio bila kuona, nikasevu, nikafunga. Kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, mnatumia nini: raba, kalamu ya kuchora mstari, au maski ya leya (pazia linaloficha sehemu za leya, yaani tabaka la picha)?

MpakaRangi
Maski, mkuu. Raba inafuta pikseli zenyewe, zile nukta ndogo zinazounda picha. Ukishasevu na kufunga, sikio ni vigumu kulirudisha. Maski haigusi picha. Palipopakwa nyeupe panaonekana, nyeusi panafichika, kijivu panakuwa nusu wazi. Sikio likikatika, unalipaka nyeupe, linarudi lilivyokuwa. Bonyeza X kubadilishana rangi hizo mbili, brashi isitoke kwenye picha.

BiLeya
Kalamu msiidharau. Begani na mikononi, ambako ukingo umenyooka, inakata safi kuliko brashi yoyote. Inashindwa kwenye nywele tu, hapo mtu anaonekana kavalishwa kofia ya plastiki. Mimi nachora mwili kwa kalamu, eneo hilo nalifanya kuwa maski, nywele namalizia kwa brashi ndogo laini.

FundiKava
Nimefuata ya BiLeya, sikio liko salama! Ila nywele zimezungukwa na uzi mweupe, na kwenye kijani unaonekana sana.

MpakaRangi
Huo ni weupe wa ukuta uliochanganyika na nywele ndani ya pikseli za ukingoni. Maski inaamua pikseli ionekane kwa kiasi gani, rangi yake haiibadilishi. Kwanza shika Alt ubofye kijipicha cha maski kwenye orodha ya leya uione peke yake. Utakuta madoa ya kijivu uliyodhani umeyafunika. Yapake nyeusi.

Kivuli255
Uzi ukibaki, kuna ile amri ya GIMP ya kugeuza rangi moja kuwa uwazi. Chagua nyeupe: inauchuja weupe kutoka kila pikseli, nywele nyeusi zinabaki nyeusi hadi kwenye ncha. Kwa moshi sijaona kinachoishinda. Lakini ukiiachia picha nzima itakula meno na weupe wa macho ya mama. Ifanyie kwenye nakala ya leya, kisha nakala hiyo uipe maski yake inayoonyesha nywele tu. Leya ya chini, nayo, ifiche nywele hizo kwa nyeusi, la sivyo uzi utaendelea kuchungulia.

FundiKava
Nywele zimekaa! Nimekuza hadi 400%, weupe hakuna. Asanteni sana. Nisevu vipi?

BiLeya
XCF, faili la GIMP lenyewe, iwe ya kwako, maski ibaki hai. Ya kutuma iwe PNG. JPEG haibebi uwazi kabisa, na GIF kila pikseli ama ipo ama haipo, kwa hiyo nywele zitatoka na meno ya msumeno.