Okidi ya majani mapana au ya vijiti? Na baridi hii nimwagilie vipi?

MamaMaua: Wadau, kesho napita kitaluni, kuna okidi mbili nimezipenda, ya majani mapana na ya vijiti, bei ni moja. Ipi itanipa maua? Niliyonayo nyumbani haijachanua tangu mwaka juzi.

Kijani255: Uko wapi kwanza? Dar na Njombe si sawa. Na hiyo ya nyumbani ni ipi, inakaa wapi? Hatupigi ramli hapa 😂

MamaMaua: Samahani jamani. Niko Arusha. Ni ya majani mapana, iko pembeni ya tivii.

Kijani255: Ndo tatizo hilo, giza. Hiyo ni falenopsisi, isogeze dirishani, usiku ukishuka nyuzi 15, 16 hivi kwa wiki kadhaa itachomoa kikonyo cha maua. Maji ukiona mizizi imegeuka kijivu tu, ikiwa kijani achana nayo. Na yasituame katikati ya majani, itaoza. Nunua nyingine hiyohiyo.

Bi_Mkubwa_Mafinga: Mie nasema vijiti. Ila nikwambie yaliyonikuta, nilikuwa na dendrobiamu ya baridi, ndo hiyo ya vijiti, mwezi wa 7 dada wa kazi anaimwagia kila asubuhi na mbolea juu, mie nafurahi naona inachipua kumbe ni vitoto vitupu vyenye mizizi, ua hata moja! Vile vijiti vilivyopukutika majani nikavikata nikidhani vimekufa, kumbe maua hutokea humohumo 😭 Mwaka uliofuata mbolea nikasimamisha mwezi wa 5, maji kikombe kimoja vijiti vikianza kunyauka tu, hadi nilipoona vifundo vya maua. Vilijaa kijiti kizima.

Kijani255: Sio dendrobiamu zote mama, kuna za joto, hizo ukizikausha hivyo unaziua. Muuzaji ataje jina.

juma_wa_miche: Wekeni vipande vitatu vya barafu kwa wiki, kazi imeisha

Bi_Mkubwa_Mafinga: Barafu kwenye baridi ya Arusha?? Wewe mwenyewe unaoga maji ya moto.

juma_wa_miche: 🤣🤣 Basi mngechukua zile za porini za njano zenye madoa kama chui, zinaota zenyewe juu ya miti

Kijani255: Usiwafundishe watu kubandua mimea porini.

MamaMaua: Nimempigia muuzaji, anasema jina halijui, "ni okidi tu dada". Falenopsisi nimeshaihamishia dirisha la jikoni.

Kijani255: Jikoni karibu na jiko la gesi au mbali?

juma_wa_miche: Bi Mkubwa, vile vitoto ulivitupa? Naomba kimoja