Beringi za daraja: raba, chungu au rola?

Zege_Nondo: Wakuu salama? Nachora daraja la zege, spani mbili (nguzo hadi nguzo) za mita 25, natafuta beringi, vile vikalio vya kuweka kati ya nguzo na boriti. Mimi nataka raba yenye mabati ndani, bosi kang'ang'ania beringi za chungu (raba ndani ya bakuli la chuma) eti ndo za kisasa. Mnasemaje?

mzee_wa_jeki: Raba tu. Piga hesabu mwenyewe, zege linatanuka kama milimita 0.01 kwa kila mita kwa nyuzi moja ya joto, sasa mita 25 joto likipanda nyuzi 30 unapata milimita 7.5, hapo hujaweka kusinyaa kwa zege lenyewe. Raba inalala kidogo upande halafu inarudi, haina cha kupaka grisi wala nini. Unene wa raba yote ujumlishe uwe angalau mara mbili ya huo mjongeo.

Bi_Nguzo: Na usije ukaweka donge moja nene bila mabati! Ukiibebesha mzigo inavimba mbavuni. Yale mabati ndo yanaishika.

kipimo77: Chungu nazo zina kazi yake jamani. Mzigo ukiwa mkubwa sana na kichwa cha nguzo hakina nafasi, ile raba imefungiwa ndani ya chuma haina pa kukimbilia, inakaa kama kimiminika, boriti inainama vizuri tu. Ila yenyewe haitelezi, mpaka uiwekee tefloni juu na bati la stenlesi. Halafu vile vibanio vya safari, vinavyoishika beringi isiachane wakati wa kusafirishwa, mvifungue!! Sisi tulivisahau, kichwa cha nguzo kikapata ufa, aibu mpaka leo.

Zege_Nondo: 😂 pole kaka. Na rola je, zile za chuma zinazobingirika?

mzee_wa_jeki: Rola ni kutu na mchanga, joint ya juu, ule mwanya wa barabarani, ikivuja tu imeganda. Na zile za chuma zinazoyumba kama kiti cha bembea ndo kabisa, Birmingham Bridge kule Pittsburgh, Februari 2008, zilichomoka, sitaha (sakafu ya daraja) ikashuka karibu sentimita 20.

Bi_Nguzo: Mnabishana aina, hakuna aliyeuliza itabadilishwaje. Beringi yoyote ile itachoka kabla ya daraja, jeki ya kuinulia daraja utaiweka wapi?

Zege_Nondo: Dada umenishika pabaya. Nimefungua mchoro sasa hivi, pale juu ya nguzo hata ngumi haipiti. Acha nikachore upya, ya bosi baadaye.