Re: Vitabu vya Kihispania kwa msomaji mtu mzima

Kutoka: S., Zaragoza

Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu wote. Mtihani wa Kihispania wa DELE A2, ule wa kuombea uraia wa hapa Hispania, nimeshafaulu, kazini naelewana na watu vizuri, lakini Kihispania changu kimekwama palepale. Mwalimu ananihimiza nisome, na kila nikimuuliza nisome nini ananipa vitabu vya watoto. Mimi nimelea, nimezika. Hadithi ya sungura hainikalishi chini. Wenzangu mnasoma nini?

Kutoka: A., Madrid

Waalaykum salaam dada S. Hivyo vya watoto viache. Mtu mzima huvumilia maneno asiyoyajua pale tu kisa kinapomshika.

Anza na dunia unayoijua. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, anapatikana kwa Kihispania. Tafuta Paraíso, kisha agiza kutoka nyumbani Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyohiyo iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Usiku soma sura moja kwa Kiswahili, asubuhi kwenye treni uisome kwa Kihispania. Yusuf anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, msafara unapoiacha pwani kuelekea bara, wewe hayo yote unayafahamu tayari. Kamusi utaifungua mara chache, na Kiingereza hukihitaji kabisa. Kwangu mimi hakuna njia iliyo bora kuliko hii.

Baada ya hapo ingia kwenye vilivyoandikwa kwa Kihispania chenyewe, ila vifupi. El coronel no tiene quien le escriba cha Gabriel García Márquez kinamhusu mwanajeshi mzee anayekwenda bandarini kila Ijumaa kungoja barua ya pensheni. Nyumbani ana mke mgonjwa na jogoo wa kupiganisha aliyeachwa na mtoto wao aliyeuawa. Sentensi ni fupi, mazungumzo ni mengi, na njaa ya nyumba ile utaihisi. Kile kingine chake, Cien años de soledad, usikiguse kwanza. Majina ya wanaukoo yanajirudia kizazi hadi kizazi mpaka unapotea.

Ukishapata nguvu, msome Donato Ndongo-Bidyogo wa Guinea ya Ikweta, nchi iliyotawaliwa na Hispania hadi 1968. Las tinieblas de tu memoria negra (1987) ni kisa cha mtoto anayevutwa huku na padri, huku na mjomba aliyeshika mila. Sentensi zake ni ndefu, lakini nasikitika kila nikikutana na Mwafrika aliyeishi hapa miaka mingi bila kusikia kwamba Kihispania kina waandishi Waafrika. Yupo pia María Nsue Angüe, na riwaya yake Ekomo ya 1985.

Kutoka: L., Barcelona

Shikamooni. Naongeza mawili matatu. Nada ya Carmen Laforet: binti anafika Barcelona kusoma chuo mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, anafikia kwa jamaa zake mtaa wa Aribau, nyumba imejaa ugomvi na njaa. Aliyewahi kufikia kwa ndugu ugenini atamwelewa. Na Sin noticias de Gurb cha Eduardo Mendoza ni shajara ya vipande vifupi vifupi, Kihispania cha mtaani, unasoma ukisubiri basi.

Usinunue vyote. Kadi ya maktaba ya umma ni bure, nayo inakufungulia eBiblio, ambako unaazima vitabu kwa simu, hata vya kusikiliza. Vya mkono wa pili vipo Cuesta de Moyano kwa walio Madrid, na soko la Sant Antoni Jumapili kwa sisi wa huku. Vipya subirini tarehe 23 Aprili, Siku ya Kitabu, maduka hupunguza bei hadi asilimia 10.

Dada S., Peponi ninayo na nimeshaimaliza. Anayesafiri kwenda Zaragoza aniandikie nimkabidhi.