Mafundi, acheni kung'oa themostati za watu!

Wakuu, leo naandika kwa hasira na sitapunguza makali. Nina kigari cha zamani, injini ndogo ya silinda nne, hedi (kile kifuniko cha juu cha silinda) ya aluminiamu. Kinachemsha. Gari la umri huo kuchemsha si ajabu, spea zimechoka, nalijua hilo. Kinachonikera ni kwamba kila gereji ninayoingia, fundi haulizi swali hata moja. Anafungua boneti, anachungulia rejeta (ile inayopoza maji ya injini), anatoa hukumu: "Bosi, hiyo themostati tuitoe, hizo zimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi."

Nani aliwafundisha hivyo?

Themostati, yaani kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 au 88 hivi, na namba hiyo mara nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe, isomeni. Hata jua likiwa la nyuzi 38, injini iliyolala usiku kucha bado ina safari ya nyuzi zaidi ya 40 kabla kile kivalvu hakijaanza kusogea. Injini inataka kufanya kazi karibu na nyuzi 90 popote ilipo. Ukiing'oa, sensa ya joto inaendelea kuiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Mwenye gari analalamika linakunywa mafuta, na fundi yule yule anamwambia abadilishe plagi.

Kuna jambo baya zaidi. Injini nyingi ndogo zina themostati yenye kisahani cha pili upande wa chini. Kazi yake ni kuziba njia ya mchepuko pale kivalvu cha juu kinapofunguka, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Toa themostati, njia ile inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inatoka kwenye hedi na kurudi moja kwa moja kwenye wota pampu bila kuiona rejeta. Ndicho kilichonikuta: kwenye tambarare mshale umetulia, nikianza mlima mrefu unapanda kuliko hata kabla hawajaigusa. Kuipima ni kazi ndogo mno. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, pasha moto, tazama inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Sijaona fundi hata mmoja aliyefanya hivyo. Na ile yangu waliitupa kwenye taka kabla hata sijaiona.

Swali la kwanza lilipaswa kuwa: linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, anza na feni: fyuzi, rilei, swichi ya feni, mota. Likiwa sawa kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo au mlimani, tazama maji yanavyozunguka: rejeta iliyoziba ndani, mpira wa chini unaobonyea ukikanyaga mafuta, pampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, themostati isiyofunguka yote. Likichemsha kila mahali na maji yanapungua bila kuona tone chini, hapo ndipo uanze kuiwaza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Mtu aliyeuliza hivyo ameshajua aanzie wapi kabla hajashika spana.

Sasa sikieni kuhusu feni. Gereji moja ilinibadilishia mota ya feni, wakasema kazi imekwisha. Feni inazunguka, inapiga kelele, gari bado linachemsha. Nikachukua kipande cha karatasi nikakiweka mbele ya grili feni ikiwa inafanya kazi. Badala ya kunyonywa na kunata, karatasi ilisukumwa ikaanguka. Walikuwa wamegeuza nyaya! Feni inayokaa nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele kuja kwenye injini. Yangu ilikuwa inasukuma hewa ya moto ya injini kwenda mbele, na nikiwa kwenye mwendo inashindana na upepo wa barabarani. Niliporudi kulalamika nikaambiwa "hata ikizunguka hivyo inapoza tu". Mtu mzima ananiambia hivyo usoni! Na kile kikasha cha plastiki kinachozunguka feni, ambacho ndicho kinachoifanya ivute hewa kupitia rejeta nzima, walikiacha pembeni kwa sababu kinasumbua kufunga.

Mfuniko wa rejeta nao hakuna anayeugusa. Umeandikwa 0.9 au 1.1, kwa kipimo cha bar, na hiyo si mapambo. Ndiyo presha unayoshikilia, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kwenye 0.9 maji matupu yanafika karibu 118 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikauka, umepoteza akiba yote hiyo. Dalili mojawapo ni tangi la akiba kujaa na kubaki limejaa hata injini ikipoa, huku rejeta imepungua. Maji yalitoka, hayakuvutwa kurudi. Mfuniko ni kitu cha kwanza kubadilisha kwa sababu ni rahisi, lakini mafundi wanauruka na kukimbilia "tushushe hedi".

Hapo ndipo hasira yangu inapokolea. Gasketi ya hedi haihukumiwi kwa macho. Washa injini ikiwa ya baridi kabisa, mfuniko ukiwa wazi, tazama kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Shika mpira wa juu: ukiwa mgumu dakika ya kwanza wakati maji bado ya baridi, presha hiyo inatoka kwenye silinda. Kuna dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini kwenye mdomo wa rejeta. Fanyeni hayo kwanza. Na kama hedi lazima ifunguliwe, pimeni unyoofu wake kwa rula ya chuma na geji ya unene, maana injini nyingi ndogo zinavumilia kupinda kwa karibu milimita 0.05 tu. Mnasugua kwa msasa juu ya benchi, mnakaza bolti kwa nguvu za mkono bila spana ya kupimia, mnaanzia pembeni badala ya katikati, kisha gari likirudi baada ya muda mfupi mnamwambia mteja "injini imechoka, tafuta nyingine".

Maji ya bomba mwaka hadi mwaka bila kulanti (ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu) nayo ni kosa, kutu inakula pampu na aluminiamu. Na tafadhali, msimwagie injini inayochemka maji baridi, hedi inapasuka. Wenye magari, msiamini sana mshale wa joto: magari mengi umefungwa ukae katikati hata joto likipanda kiasi, na maji yakiisha kabisa sensa inabaki kwenye mvuke na inaweza kusoma chini. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, unaungua uso.

Nimenunua themostati mpya na gasketi yake, na safari hii nitasimama pale pale fundi akiifunga, kile kitundu cha kutolea hewa kikae juu, hewa itolewe, maji yajazwe polepole. Mafundi mliomo humu, nataka mnijibu bila kunizungusha: mlipong'oa themostati ya mteja wa mwisho, mliipima kwa kutumia nini? Na kama hamkuipima, mlimwambia?