Haki ya maji ya makabila ya Marekani bila bwawa kubwa: inawezekana au changa la macho?

Kiroboto_Kinyerezi:
Wakuu habari za jioni. Niko Kinyerezi, bomba limekauka siku ya tatu nasubiri boza, kwahiyo akili yote ipo kwenye maji tu 😅 Nasoma sheria, tumepewa kesi ya Winters ya 1908, mahakama kuu ya Marekani ilisema serikali ilipowatengea wenyeji ardhi ya Fort Belknap kule Montana basi maji ya mto Milk yamo humohumo hata kama mkataba haukuyataja. Safi. Sasa ninachoshindwa kuelewa, mbona kule jimbo la Colorado wenyeji wa kabila la Waute walipodai haki hiyo jibu likawa ni kujengewa bwawa?? Hakuna namna ya kumpa mtu maji yake bila kumwaga zege?

Mzee wa Koki:
Dogo namna zipo. Kule maji ni nani alianza kuyatumia, aliyewahi ndo anakunywa kwanza, na tarehe ya Waute inahesabiwa tangu 1868 walipotengewa ardhi, yaani wamewatangulia karibu wakulima wote. Wakidai kweli kuna mzungu shamba lake linakauka, ndo maana bwawa linapendwa, hakuna anayenyang'anywa. Wanaharakati wakasema hapana, nunueni mashamba yenye haki ya maji kwa wanaotaka kuuza muwape makabila, tumieni nafasi iliyobaki kwenye mabwawa ya zamani, zibeni mifereji inayovuja. Waute wenyewe wakakataa. Usiwashangae, umeahidiwa ng'ombe miaka yote halafu siku ya kukabidhiwa unaambiwa chukua hela ukatafute mnadani, na mashamba yenyewe vipande vipande huku na kule.

binti_tabata:
Shikamoo mzee, ila malizia stori basi. Bwawa lilijengwa, likapunguzwa sana na umwagiliaji ukaondolewa, samaki wa mto San Juan waliokuwa hatarini kutoweka nao walichangia. Ziwa lake, Nighthorse, likajaa 2011, kama mita za ujazo milioni 150, halafu liko pembeni ya mto Animas, maji yanapandishwa kwa pampu. Zaidi ya miaka 10 baadae Waute walikuwa bado hawajaanza kuyatumia maana hakuna bomba la kuwafikishia kwao!! Simtanki limejaa kwa jirani we unaangalia tu

Mzee wa Koki:
Marahaba binti. Kweli, lakini usisahau Towaoc, kijiji cha Waute wa Ute Mountain, walikuwa wanaletewa maji ya kunywa kwa lori kama huyu wa Kinyerezi, na kilichowatoa huko ni mradi wa Dolores, bwawa la McPhee. Tofauti ni kwamba mradi huo ulikuja na bomba.

kaka_mkandarasi:
Mkuu wa Kinyerezi kwenye paper yako weka wenyeji wa Gila River, jimbo la Arizona. Sheria ya 2004 iliwapa mita za ujazo kama milioni 800 kwa mwaka, bila bwawa jipya, karibu nusu inatoka mto Colorado kwa mfereji ambao tayari ulikuwepo. Wanamwagilia, mengine wanakodisha kwa wengine, mengine wanayazamisha ardhini yakae akiba, na sehemu za mto wao zilizokuwa mchanga mtupu zimerudisha maji na matete. Hapo haki imegeuka kitu cha mkononi

binti_tabata:
Bila bwawa JIPYA kaka, weka herufi kubwa. Huo mfereji unavuta ziwa Havasu, na Havasu ni bwawa. Na Colorado ukipungua akiba yako unaizamisha kutoka wapi

kaka_mkandarasi:
Hapo umenikamata dada 😂 ila bado ni bora kuliko kupasua bonde lingine

Kiroboto_Kinyerezi:
Asanteni sana wakuu, nimeshapata kichwa cha paper: nani analipia bomba. Mzee shikamoo, hiyo ya Towaoc nitairudia kesho kwa maswali, boza linapiga honi getini na dereva keshaanza kusema bei imepanda

Mzee wa Koki:
Marahaba. Chungulia kwanza kama limejaa ndo ulipe