Ghala la zamani la kahawa Moshi: tuanzie wapi kuligeuza karakana na ukumbi?

Kikundi_Njoro:
Wakuu, habari za kazi. Tuna nafasi ya kukodi ghala la zamani la kahawa upande wa stesheni ya reli, Moshi mjini. Ni mita 40 kwa 20, kuta za mawe kwenda juu mita 6, kenchi za chuma. Paa nusu ni bati, nusu ni mashiti ya asbesto. Tunataka karakana za seremala na cherehani, sehemu ya kukaangia kahawa, na ukumbi wa kukodisha. Mwenye mali anatoa mkataba wa miaka 5. Mwenzetu anatoa mfano wa North Adams, mji wa milimani kule Marekani, kwamba ulifufuka kwa kugeuza viwanda vyake vya zamani. Kipi kitangulie, na wapi watu huharibu?

Msanifu_Rau:
Mfano ni mzuri, ila usomeni na tarehe zake. Kampuni ya vifaa vya elektroniki ya Sprague Electric ilifunga viwanda vyake huko mwaka 1985, na jumba la sanaa la MASS MoCA likafunguliwa kwenye majengo hayo 1999. Miaka 14 hiyo. Hata baada ya hapo walikwenda kwa awamu, jengo namba 6 likafunguliwa 2017. Halafu hawategemei viingilio peke yake, sehemu ya majengo wanaipangisha kwa biashara nyingine.

Kwa hiyo miaka 5 ni kidogo mno. Paa tu litakula pesa ya miaka miwili, mkija kupumua mkataba umekwisha na mwenye mali anapandisha kodi kwa jengo mlilolitengeneza nyinyi. Ombeni 15, gharama ya paa ikatwe kwenye kodi, na kiandikwe kipengele cha fidia ya maendelezo. Mwenye mali akiwa ni AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, msisaini kabla ya kuona muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia upangishaji. Sahihi ya mwenyekiti pekee imeshaleta kesi nyingi. Pia nendeni Manispaa mapema kuuliza matumizi ya kiwanja. Ghala na ukumbi wa watu si kitu kimoja, na kubadilisha matumizi kunataka kibali.

FundiKenchi:
Paa kwanza, rangi baadaye. Asbesto isiyovunjika haina shida kubwa, hatari ni vumbi lake. Msikate kwa grainda, msitoboe, msifagie makapi yakiwa makavu. Ikibidi kutoa, tafuteni watu wenye vifaa na mwulize NEMC (baraza la mazingira la taifa) pa kuzika. Shiti hulowanishwa, parafujo hufunguliwa kwa mkono, shiti hushushwa zima (halitupwi chini!), kisha hufungwa nailoni nzito mara mbili. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Na asikanyage mtu katikati ya shiti, zimezeeka na huachia ghafla. Ubao wa kukanyagia ulale juu ya papi, zile pau za mlalo zinazobeba mashiti.

Kisha maji. Paa lenu ni mita za mraba 800, na milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya masika ya milimita 60 kwa saa ni lita 48,000 kwa saa, yaani karibu lita 7 kwa sekunde kila upande. Bomba moja la inchi 4 kwa upande linazidiwa. Wekeni manne kila upande, na gata iwe na mteremko. Maji yakimwagika kwenye msingi, ukuta utanyonya mwaka mzima.

Kikundi_Njoro:
Asante mkuu. Huo unyonyaji tayari upo. Plasta ya ndani imebanduka hadi usawa wa kiuno, ina unga mweupe. Tupige nyingine?

Mama_Zege:
Hapana mwanangu, msipige tena ya saruji. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka chini, saruji inayazuia kutoka, yanapanda juu zaidi na kuisukuma plasta. Bandueni hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo mpige plasta ya chokaa.

Sakafu isiwatie hofu. Gunia la kahawa ni kilo 60. Yakipandana 10 ni kilo 600 kwenye takriban nusu mita ya mraba, zaidi ya tani moja kwa mita ya mraba. Umati wa ukumbini hukadiriwa kama kilo 500. Ila dondosheni maji sakafuni: yakikaa kama shanga bila kunywewa, kuna oili, na vigae havitashika hapo.

Kenchi ndizo dhaifu, zilipimiwa paa na upepo tu. Msining'inize dari nzito, spika wala winchi bila mhandisi. Mkitaka ghorofa ya ndani, isimame kwa nguzo zake yenyewe zenye misingi yake. Nguzo za zege zikiwepo, vunja kipande kidogo upulizie fenofthalini, ile dawa ya maabara za sekondari. Zege zima hugeuka waridi. Sehemu isiyobadilika rangi ikiwa imefika kwenye nondo, kutu imeanza au iko njiani, hata kama kwa nje hakuna ufa.

FundiKenchi:
Naongezea: ukumbi chini ya bati tupu hauuziki Aprili, mvua ikipiga MC hasikiki. Utengenezeni mwisho, dari ikishapata mhandisi. Karakana za cherehani ndizo zitangulie kulipa kodi, zinataka mwanga na umeme tu. Nyaya za zamani ng'oeni zote.

Msanifu_Rau:
Na seremala asipakane na mkaanga kahawa. Maganda ya kahawa huwaka ndani ya bomba la moshi, na vumbi la mbao linangoja cheche tu. Hata pasipo moto, kahawa hunyonya harufu ya vanishi, na mteja ataionja kwenye kikombe. Mmoja akae ncha hii ya ghala, mwingine ile, cherehani katikati.